Kivoi wa Mwendwa: Mzee Aliyelala Bila Kaburi

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mwaka huu mwalimu mlezi wa chama chetu alimtaka kila mmoja wetu aandike juu ya mtu mashuhuri aliyeaga dunia zamani. Wenzangu waliwakimbilia Shaaban Robert na Mekatilili wa Menza, na mmoja akamnyakua Fumo Liyongo kabla kengele haijalia. Mimi nikabaki nimeduwaa. Baadaye nikawaza: mimi nimezaliwa Makueni, mama yangu ametoka Kitui, sasa kwa nini nitafute shujaa mbali na nyumbani? Basi nikamchagua Kivoi wa Mwendwa. Iko sababu nyingine pia iliyonifanya nimchague, nayo ni ya kwetu nyumbani. Nitaifikia, kuwa na subira.

Kivoi alikuwa Mkamba wa Kitui katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Watu wengi humwita chifu, lakini ukweli ni kwamba Wakamba wa zamani hawakuwa na wafalme wala machifu wa kuvaa kofia. Mambo ya kijiji yaliamuliwa na wazee wakiwa wameketi pamoja. Mtu alipata sauti kubwa kuliko wenzake kwa mambo mawili: mali aliyoichuma na ulimi wake mbele ya watu. Kivoi alikuwa nayo yote mawili.

Mali yake ilitokana na pembe za ndovu. Wakati huo Wakamba ndio walioshika biashara kati ya bara na pwani. Waliwinda ndovu kwa mishale ya sumu, wakanunua pembe kwa majirani wa kaskazini ya mto Tana, kisha wakafunga safari ya kwenda Mombasa. Msafara mmoja ungeweza kuwa na watu 200 hadi 300, kila mmoja na mzigo wake, pinde mkononi. Waliporudi walileta nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Jamani, hebu fikiria kutembea kwa miguu kutoka Kitui hadi Mombasa, kupitia nyika ambako hata leo dereva wa basi hujaza tangi kwanza! Mtu wa kuongoza safari kama hiyo ilimbidi ajue visima, ajue maadui, ajue pia lugha na bei. Kivoi alikuwa kiongozi wa aina hiyo, na jina lake lilijulikana bara na pwani.

Na ni huko pwani alikoishi mgeni ambaye bila yeye pengine tusingelijua mengi kuhusu Kivoi. Huyu ni Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na wamisionari wa Uingereza. Alifika Mombasa mwaka 1844, na katika mwezi wa Julai mwaka huo huo mke wake na mtoto wao mchanga wakafa. Krapf hakurudi kwao. Alihamia Rabai, akajifunza lugha za hapa, na sisi wa Chama cha Kiswahili tuna deni kwake, manake kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapishwa mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Novemba 1849 Krapf alifunga safari kuja Ukambani. Alipita Kikumbulyu, sehemu za Kibwezi ambazo leo ziko katika kaunti yetu ya Makueni, akavuka mto Athi, akapanda Yatta, hata akafika kijijini kwa Kivoi huko Kitui. Kivoi akampokea vizuri. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Katika mazungumzo yao Kivoi alimsimulia kwamba alikwisha kufika Uchagani na kuuona mlima mweupe wa huko, lakini akamweleza kwamba uko na mwingine kama huo, mwendo wa siku kadhaa kutoka kwake. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalifunguka, na Krapf, akiwa mlimani karibu na kijiji cha Kivoi, akaziona kwa mbali pembe mbili nyeupe. Huo ndio Mlima Kenya. Wakamba huuita Kiinyaa, na wengi hueleza kwamba jina hilo latokana na mbuni dume mwenye manyoya meusi na meupe. Krapf akaliandika jina jinsi sikio lake lilivyolisikia kwa Wakamba, na kutoka hapo, polepole, ndipo nchi yetu nzima ikaja kupata jina lake.

Wasomi wa Ulaya walicheka. Ati theluji katika ikweta! Ilibidi wangoje hadi mwaka 1883, wakati Joseph Thomson alipouona mlima huo naye akathibitisha. Lakini Kivoi hakuhitaji uthibitisho wa mtu. Yeye alijua kilichoko kwa sababu alikuwa ametembea.

Mwaka 1851 Krapf alirudi Ukambani. Mara hii alitaka kujenga kituo Yatta, lakini mambo yakamwendea mrama, akaenda tena kwa rafiki yake Kivoi. Kivoi alikuwa akijitayarisha kwa safari ya biashara upande wa mto Tana, naye Krapf akaandamana naye. Ilikuwa mwezi wa Agosti. Walipokaribia mto, kundi la wanyang'anyi likawavamia. Watu wa msafara wakatawanyika, kila mtu na roho yake. Kivoi akauawa pale pale pamoja na baadhi ya watu wake.

Krapf alinusurika. Alikimbilia porini peke yake, akafika Tana akiwa karibu kufa kwa kiu. Kwa kuwa hakuwa na kibuyu, alijaza maji katika mtutu wa bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini, akayaziba, akaanza kurudi Kitui. Usiku alitembea, mchana alijificha.

Sasa msomaji, hapa ndipo hadithi iliponishika koo. Ungedhani watu wa Kivoi wangemhurumia yule mgeni aliyerudi na midomo iliyopasuka. Wapi! Walimgeukia. Walimlaumu kwa kifo cha mzee wao. Mbona Kivoi amekufa na wewe u hai? Kama u rafiki wa kweli, kwa nini hukufa naye? Krapf akaona roho yake imo hatarini, akatoroka usiku, akarudi Yatta na hatimaye Rabai. Kifo cha Kivoi kikabaki na shahidi mmoja tu aliyekiandika, naye ndiye huyo huyo aliyelaumiwa.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikakaa kimya. Nilikuwa nimeisikia hadithi hii kabla. Niliisikia kwetu.

Mwaka 2009 ukame ulipiga Ukambani vibaya. Kaka yake nyanya, ambaye sisi sote tulimwita babu, alichukua ng'ombe zake akaenda na rafiki yake kutafuta nyasi ng'ambo ya mto Athi, upande wa Ikutha. Baada ya siku tisa rafiki akarudi peke yake, hana ng'ombe, hana babu. Alieleza kwamba ng'ombe walikufa mmoja mmoja, kisha babu akaanguka korongoni akavunjika mguu, ikawa hawezi kutembea. Akamwacha chini ya mti akaenda kutafuta maji, na aliporudi akapotea njia. Wazee walifuatana naye kwenda kutafuta. Walizunguka siku tatu, hawakuona kitu.

Basi maneno yakaanza. Ati ameuza ng'ombe. Ati amemuua mwenzake na kumfukia. Hakuna aliyemshtaki, lakini hakuna aliyemwalika harusini tena. Nami si mtakatifu. Nilipokuwa shule ya msingi nilikataa kuketi dawati moja na mjukuu wa mzee yule. Nilisema siwezi kukaa na damu ya muuaji. Nilikuwa na miaka tisa, na leo nikikumbuka naona haya.

Mwaka 2021 ukame ulirudi, na wachungaji wakafika mbali kuliko kawaida. Chini ya mti kando ya korongo kavu walikuta mifupa ya mtu. Polisi wakaichukua hadi mochari, na nyanya akaitwa. Mimi nilimsindikiza kwa sababu nyanya hasikii Kiswahili vizuri. Ndivyo nilivyomsikia daktari akieleza jinsi mifupa inavyosomwa, na hadi leo sijasahau.

Kwanza, alisema, ni lazima ujue kama mfupa ni wa mtu au wa mnyama, manake mfupa wa mbuzi umewadanganya wengi. Pili, uhesabu ni watu wangapi. Ukipata mifupa miwili ya paja la kushoto, basi hapo walilala watu wawili, hata kama mengine yote yamepotea.

Kisha huuliza, ni mwanamume au mwanamke? Nyonga ndiyo husema zaidi. Nyonga ya mwanamke ni pana, imeumbwa kupitisha mtoto, nayo ya mwanamume ni nyembamba. Fuvu pia husaidia: wanaume wengi wana mfupa uliotokeza juu ya macho na taya nzito.

Umri nao husomwa. Kwa mtoto, meno yanayoota ni kama kalenda. Kwa kijana, ncha za mifupa huwa hazijashikana na mwili wa mfupa, na ule wa mtulinga huchelewa sana, hata mtu apite miaka 20. Kwa mzee kazi huwa ngumu. Daktari huangalia pale mifupa ya nyonga inapokutana mbele, na ncha za mbavu, kisha hutaja miaka kwa kukisia, si mwaka mmoja kamili.

Kimo hupatikana kwa kupima mifupa mirefu. Fupa la paja ni karibu robo ya urefu wa mtu. Mwanasayansi mmoja wa Marekani, Mildred Trotter, pamoja na mwenzake Goldine Gleser, walitoa hesabu maarufu za kimo mwaka 1952, wakitumia mifupa ya askari waliokufa vitani. Lakini daktari alituonya kwamba hesabu ya watu wa nchi moja haiwafai watu wote, kwa sababu urefu wa miguu ukilinganishwa na kiwiliwili hutofautiana.

Mwisho ni majeraha. Mfupa uliovunjika mtu akiwa hai kisha ukapona huota uvimbe kama fundo la mti. Mfupa uliovunjika mtu alipokaribia kufa hauna dalili ya kupona, lakini kingo zake zina rangi ile ile ya mfupa wote. Ule uliovunjika baada ya kukauka huwa na kingo nyeupe zilizochanika ovyo. Meno ya fisi nayo huacha alama zake, hasa kwenye ncha.

Nyanya aliuliza swali moja tu: mkono wa kulia ukoje? Daktari akamwonyesha. Mfupa wa chini ya kiwiko ulikuwa na fundo la zamani, umepinda kidogo. Nyanya akaketi chini sakafuni. Kaka yake alianguka kutoka mbuyuni akirina asali, akiwa kijana, na mkono ulipona ukiwa umepinda.

Halafu daktari akaonyesha mguu wa kushoto. Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika karibu na kifundo, na hapakuwa na dalili ya kupona hata kidogo. Hakukuwa na alama ya panga, wala shoka, wala risasi. Daktari alisema waziwazi kwamba mifupa haionyeshi kila kitu. Kiu haiandiki kitu juu ya mfupa. Lakini ule mguu ulikuwa umevunjika, vile vile kama mzee yule alivyosema tangu mwaka 2009, nasi hatukumsadiki.

Ili kuondoa shaka walimfuta nyanya ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba, wakapeleka Nairobi kulinganisha vinasaba, ile ambayo watu huita DNA. Iko aina moja ya vinasaba ambayo mtu huirithi kwa mama yake tu. Kwa hivyo ndugu wa tumbo moja huwa nayo sawasawa. Miezi mingi ikapita, majibu yakaja. Alikuwa yeye.

Kazi kama hii imefanywa kwa uchungu mkubwa hapa Kenya. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na jamaa wengi walitoa vinasaba wakingoja kuambiwa yupi ni wao. Sasa najua ule ungojaji ulivyo.

Tena msidhani kusoma mifupa ni ujuzi wa kigeni. Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Makueni hii hii, alianza kama kibarua wa kuchimba kwa akina Leakey akawa bingwa wa dunia wa kutambua mfupa katikati ya mawe. Mwaka 1984, huko Nariokotome, Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu kilichofanana na kokoto. Kilikuwa cha kijana aliyeishi miaka karibu milioni moja na nusu iliyopita, na wasomi walimtambua kuwa mvulana na kukisia umri wake kwa njia zizo hizo za nyonga na meno. Kamoya aliaga dunia mwaka 2022.

Narudi kwa Kivoi. Tuseme leo mchungaji aokote mifupa karibu na Tana, je, tungejua kama ni yake? Nimejaribu kufikiri kama daktari yule. Tungetafuta mwanamume mtu mzima, aliyezoea kutembea. Tungeangalia meno ya mbele, kwa sababu Wakamba wa kale waliyachonga yakawa na ncha, na alama hiyo haifutiki na kifo. Tungetafuta jeraha la silaha lisilopona. Lakini yote hayo yangetuambia tu kwamba huyu ni Mkamba wa zamani aliyeuawa. Wenziwe waliouawa naye siku ile wangefanana hivyo hivyo. Ili kumpata Kivoi mwenyewe ingebidi vinasaba, na hapo pana fundo: vile vya upande wa mama hakuwarithisha watoto wake. Ingebidi kuwatafuta wajukuu kwa njia ya wana wa kiume, baba kwa mwana hadi leo, au kizazi cha dada zake kwa upande wa kike. Na joto la nyika huviharibu vinasaba haraka, na fisi hamngoji mwanasayansi.

Zamani Wakamba wengi hawakuzikwa, walipelekwa porini. Kaburi lilikuwa heshima ya wazee. Kivoi alistahili heshima hiyo kuliko wengi, na akaikosa kwa kuwa alifia safarini. Nadhani ndiyo maana watu wake walimkasirikia Krapf kiasi kile. Hawakuwa na mwili wa kuulilia, hawakuwa na kidonda cha kutazama. Walikuwa na mtu mmoja aliyerudi, na maneno yake. Siwalaumu sana. Sisi tulikuwa na shule, redio na simu za mkononi, na bado tulifanya vivyo hivyo kwa miaka 12.

Babu tulimzika nyumbani. Kabla ya siku ya mazishi nyanya alichukua fimbo yake akaenda mwenyewe hadi kwa yule mzee, akapiga hodi, akamwomba aje amtupie rafiki yake udongo wa kwanza. Mzee alikuja. Hakusema neno. Alitupa udongo, akasimama pale muda mrefu mpaka kijana mmoja akamshika mkono.

Yule mjukuu wake niliyemkataa dawatini yumo katika shule hii, na yumo katika chama hiki. Nilimpa makala haya ayasome kabla ya kuyapeleka kwa mhariri, na nikamwomba msamaha kwa kinywa changu. Alisahihisha makosa yangu mawili ya ngeli, akanirudishia karatasi, akaniambia niyapeleke.

Basi msomaji, siku ukipita Kitui, nawe anga ikiwa safi alfajiri, tazama upande wa kaskazini magharibi. Ukibahatika kuuona ule mlima, mkumbuke mzee aliyeujua kabla haujaandikwa katika ramani yoyote, ambaye mifupa yake haijulikani ilipo. Na siku mtu atakaporudi peke yake kutoka safarini, msikilize kwanza. Nakomea hapo. Kwaherini ya kuonana.